Milimita Nane

Mimi ni muuza misumari. Duka langu linatazamana na mtaa wa maseremala, karakana kumi na nne zilizobanana kwenye barabara moja, na kwa kuwa hakuna fundi asiyeishiwa gundi, hakuna jambo la mtaa ule lisilopita mbele ya kaunta yangu. Haya nitakayoyasimulia, nusu nimeyaona mwenyewe. Nusu nyingine nimeambiwa na mwenye kisa, yule tunayemwita Bi Randa, na ruhusa ya kuyasema amenipa.

Jina hilo alipewa na mafundi, mwanzoni kwa kejeli. Alikuja mtaani akiwa binti wa miaka kumi na tisa, mwembamba kama ufito, akiomba kufundishwa kazi. Karakana ya kwanza walimcheka. Ya pili walimwonyesha ufagio. Ya tatu ilikuwa ya Mzee Milimita, ambaye alimpa randa na ubao uliopinda, akamwambia aunyooshe, kisha akaenda zake kula. Aliporudi alikuta viganja vya binti vimechubuka na ubao umenyooka. Akauinua, akaufumbia jicho moja, akamwambia kesho aje na kitambaa cha kufungia mikono. Huo ndio ulikuwa usaili wake.

Na huyo Mzee Milimita naye jina lake halikuokotwa. Mafundi wengine hupima kwa sentimita, wengine kwa jicho, wengine kwa kumwomba Mungu. Yeye alipima kwa milimita, tena mara mbili. Watu walimtania kwamba hata mkewe alimpima kabla ya kumposa. Alikuwa mkali, hapendi maneno mengi, na mwanagenzi akikosea alimfanya arudie hata kama mteja amesimama mlangoni. Bi Randa alikaa naye miaka saba. Alimwita Mwalimu, naye mzee, kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kike, akimwita mwanangu. Siku Bi Randa alipofungua karakana yake, milango miwili kutoka pale, aliyekuja kumpachikia mlango ni mzee mwenyewe, kwa bawaba alizozinunua kwangu kwa fedha yake.

Kazi kubwa ya mtaa wetu ilikuwa madawati ya shule. Kila mwaka halmashauri ilitangaza zabuni, na kila mwaka kila karakana ilijua njia. Penye udhia penyeza rupia, walisema wahenga, na sisi tulikuwa wanafunzi wazuri wa wahenga. Asiyepenyeza kitu kwa ofisa ununuzi, barua yake ilipotea, au sampuli yake ilipata ufa ikiwa stoo. Na aliyepenyeza ilimbidi afidie mahali, akafidia kwenye mbao: alichonga nyembamba, akapunguza misumari, akapaka vanishi mkono mmoja badala ya mitatu. Misumari na vanishi nauza mimi. Nilijua dawati litaishi muda gani kabla halijatoka karakana. Nilinyamaza, mteja ni mteja.

Aliyetuamsha ni mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mama mmoja mshonaji wa sare. Asubuhi moja aliingia karakana ya Mzee Milimita na mguu wa dawati mkononi, akauweka juu ya meza ya kazi. Dawati lilikuwa limevunjika na watoto watatu juu yake, na mmoja alivunjika mkono.

"Niambie nani kachonga huu," akasema. "Au kama hutaki, niambie kwa nini umechongwa hivi."

Mguu haukuwa wa mzee. Lakini lile swali la pili lilikuwa lake pia, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alizungumza kwa muda mrefu. Alimweleza mama yule kila kitu: nani huomba, huomba vipi, na yeye mwenyewe ametoa mara ngapi.

Kutoka hapo vikaanza vikao. Kwanza mafundi peke yao, wakilaumiana. Kisha mshonaji akaleta wazazi. Mwenye yadi ya mbao naye akaja, akisema amechoka kuuza mbao mbovu kwa watu wanaozijua nzuri. Meneja wa tawi la benki aliahidi mkopo wa malighafi kwa atakayeshinda kwa haki. Mkurugenzi mpya wa halmashauri alikubali bahasha za zabuni zifunguliwe hadharani, na kila sampuli inayokataliwa irudishwe na barua ya sababu. Taasisi ya kuzuia rushwa ikamtuma mwanasheria, dada mmoja asiyecheka, ambaye kila tukisema jambo alituuliza tutalithibitisha vipi. Walichokubaliana wakakiita Mwafaka. Kipengele chake cha kwanza kilisema hivi: atakayeombwa kitu asitoe, bali alete ombi lile mezani, na karakana zote kumi na nne zitakataa kwa pamoja.

"Mmoja wanaweza kumnyima kazi," alisema Mzee Milimita siku ya kutia saini. "Wakitunyima kumi na nne, watoto watakalia nini, mawe?"

Aliyeuandika Mwafaka kwa mkono alikuwa mume wa Bi Randa, mwalimu wa shule ya msingi, kwa sababu mwandiko wake ulisomeka kuliko wetu sote. Mzee Milimita alitia saini ya kwanza. Ya pili, chini yake kabisa, ilikuwa ya Bi Randa.

Sasa, halmashauri ikachelewesha zabuni. Mwezi ukapita, wa pili, wa tatu, wa nne. Bi Randa alikuwa na mafundi wanane, na wanane hao walikuja kila asubuhi, wakanoa patasi zilizokwisha kunolewa, wakafagia sakafu safi. Hakuna aliyelalamika, na hilo ndilo lililomuumiza. Alasiri moja alikuja shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye alikuwa dereva wa ofisa ununuzi. Alikuwa mtu wa utani; alikalia kigoda ambacho vanishi haijakauka, wakacheka, akajifuta suruali kwa tambara. Kisha akaja kwenye lililomleta.

"Bosi anahamia nyumba mpya, shemeji. Sebule tupu. Watu wanakula wamesimama kama walinzi."

Bi Randa alimkumbusha kuhusu Mwafaka.

"Mwafaka uko ukutani, umeandikwa vizuri, kaka ana mwandiko mzuri. Lakini wenzio wameshapita. Wewe umebaki peke yako unangoja mlango wa mbele. Mkono mtupu haulambwi."

Alimuuliza ni akina nani waliopita. Shemeji akasema yeye ni dereva tu, kazi yake kuangalia barabara.

Bi Randa aliniambia hivi, na nimeyashika maneno yake: hakuhitaji jambo lile liwe kweli, ilitosha liwezekane. Kwa siku mbili aliwatazama wenzake wakipita na mbao mabegani, na kila aliyecheka alimwona kama mtu mwenye siri. Siku ya tatu alichagua mbao za mvule zilizokauka vizuri, akaanza kutengeneza meza ya kula na viti vinane. Aliifanya kazi hiyo kwa mikono yake mwenyewe, nyuma ya karakana, akiwaambia mafundi ni oda ya mteja wa mbali. Kipengele cha kwanza kilikuwa kimemwambia afanye nini: abebe ombi lile hatua ishirini hadi kwa mwalimu wake. Hakulibeba.

Vanishi ya kazi ile aliinunua kwangu, ile ya bei. Nilimuuliza ni ya nani. Alisema ni meza na viti vinane vya mteja wa mbali, macho yake yakiwa kwenye rafu. Mtu haagizi viti vinane vya aina ile bila kuja hata mara moja kuvikalia. Nilijua hivyo, nikamfungia makopo yake, nikamrudishia chenji. Jumapili asubuhi, karakana zote zimefungwa, lori liliondoka limefunikwa turubai.

Bahasha zilifunguliwa kwenye ukumbi wa shule, wazazi wamejaa. Bei ya Mzee Milimita ilikuwa ya chini kuliko zote, ya Bi Randa ikifuata. Watu walipiga makofi, maana hawajawahi kusikia bei zikisomwa kwa sauti. Lakini kulikuwa na tundu moja tuliloliacha wazi bila kujua. Sampuli zilipelekwa stoo ya halmashauri, zikapimwa mlango umefungwa. Wiki moja baadaye barua zikaja. Bi Randa ameshinda. Sampuli ya Mzee Milimita imekataliwa kwa sababu urefu wa kiti umepungua milimita nane.

Mtaa ulicheka. Si kwa ubaya, lakini ulicheka. Milimita kaangushwa na milimita. Mzee hakucheka wala hakukasirika. Mwaka uliotangulia alikuwa amepasuliwa macho, na ukungu kidogo ulibaki. Alikuja dukani kwangu akanunua futi mpya, akisema huenda ya zamani imevutika. Nilimwona kupitia dirishani amepiga magoti mbele ya dawati lake, akipima, akiinuka, akipiga magoti tena.

Kesho yake, saa tano asubuhi, alilipakia dawati lile kwenye mkokoteni akalisukuma hadi kwa Bi Randa. Aliwaomba mafundi watoke nje kidogo.

"Mwanangu, nipimie," akasema. "Nimepima mara sita, napata mia nne na ishirini kama walivyotaka. Lakini macho haya siyaamini tena. Wengine watanicheka. Wewe hutanicheka."

Bi Randa alichuchumaa. Akapima upande wa kushoto: mia nne na ishirini. Wa kulia: mia nne na ishirini. Akapima katikati, akitamani ipungue, akiivuta hata ile kulabu ya mwisho wa futi kwa ukucha. Haikupungua. Alijua kwamba akisema kweli, mzee angekata rufaa siku ileile, dawati lingepimwa upya mbele ya watu, na mtu angeuliza kwa nini ofisa amedanganya. Hapo ile meza ya kula ingetoa jibu. Mlangoni aliona miguu ya mafundi wake wanane, wakisubiri kuitwa ndani.

"Imepungua kidogo, Mwalimu," akasema. "Saba, nane hivi."

Mzee hakubisha. Alikunja futi yake polepole.

"Asante kwa kuniambia ukweli," akasema, akageuza mkokoteni.

Alifunga karakana kabla mwezi haujaisha. Kazi za kumtosha alikuwa nazo: milango, vitanda, meza za ofisi. Kilichomtoka ni imani na mikono yake. Alikuwa akishaweka alama kwenye mbao, anasimama na msumeno juu ya mstari, kisha anauweka chini. Mwishowe aliuza mashine, akaenda kukaa nyumbani. Mafundi wake wawili walikosa pa kwenda, Bi Randa akawachukua, na mtaa mzima ukamsifu kwamba ana moyo na hakumsahau mwalimu wake. Alipokea sifa zile akitazama chini, watu wakasema pia ni mnyenyekevu.

Madawati yake yalikuwa mazuri, lazima niseme. Alichonga nene kuliko alivyoagizwa. Vanishi alipaka mikono minne. Alinunua misumari mirefu, nami nilimwambia hata mifupi inatosha, akaniambia nimpe mirefu. Alikuwa kama mtu anayelipa deni kwenye mlango usio wake. Na kupima aliacha. Futi aliwakabidhi mafundi, akisema mgongo unamuuma kuinama.

Alipomaliza madawati ya shule ya mwisho, shemeji alikuja kuchukua asante yake. Bi Randa akamwuliza tena, sasa kazi imekwisha, ni akina nani wale waliopita. Shemeji akacheka kwa wepesi, kama mtu anayekumbushwa utani wa zamani. Alisema hakuna aliyepita. Bosi aliwaogopa, walikuwa wamekaza.

"Wewe tu ndiwe tuliyeweza kukufikia, shemeji," akasema. "Kwa ajili ya undugu."

Kumi na tatu walikuwa wameshika neno lao, pamoja na wale wawili wa mwisho barabarani ambao tuliwahi kuwaita wezi mbele yao. Tangu siku ile, Bi Randa aliniambia, hakuweza kupita mtaani na kichwa juu. Wakimsalimu kwa uchangamfu aliona afadhali wangemtukana.

Mwaka ulipotimia tangu Mwafaka kutiwa saini, wakandarasi wa mabomba ya maji kutoka mji mwingine waliomba kuja kujifunza. Kamati ikapanga siku, ikachagua wasemaji. Kwa sauti moja wakamchagua Bi Randa, mshindi wa kwanza wa zabuni safi. Alikataa, wakasema ni haya. Mumewe, kwa furaha, alijitolea kumwandikia hotuba. Siku mbili kabla ya wageni kufika alimsomea wakiwa jikoni, yeye akiosha vyombo. Hotuba ilianza na maneno "Sisi tuliokataa." Bi Randa aliweka sahani chini, akamwambia yote, akiwa amempa mgongo.

Mumewe akauliza kama mdogo wake alijua.

"Ndiye aliyeleta."

Akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni. Akauliza kama mwalimu wake anajua. Bi Randa akasema hajui.

"Basi anza na yeye," akasema. "Mimi nitakusubiri."

Kesho yake asubuhi alikwenda nyumbani kwa Mzee Milimita. Lile dawati lilikuwa barazani, limewekewa ndoo za maji. Mzee alikuwa amekaa pembeni na redio. Bi Randa hakukaa. Aliondoa ndoo moja moja, akatoa futi, akamwomba mke wa mzee, ambaye macho yake yalikuwa mazima, aje amsomee. Mama yule aliinama bila kuelewa.

"Mia nne na ishirini," akasema.

Bi Randa akamwomba asome na upande wa pili. Mia nne na ishirini. Mzee alizima redio.

"Siku ile uliona?"

"Niliona, Mwalimu."

Ndipo akamweleza kuhusu lori, viti vinane, shemeji, na kila kitu. Alikuwa amejiandaa kuomba msamaha, lakini anasema neno lenyewe lilimwonea haya, halikutoka. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akiwa ameweka kiganja juu ya dawati, akikipitisha ukingoni taratibu, kwenda na kurudi.

"Meza ya ofisa ni shauri lako na halmashauri," akasema. "Hiyo hata mimi niliwahi kuitoa, zamani. Lakini mimi uliniondolea mikono. Nilikuja kwako kwa miguu yangu, ukanipima, ukaniondolea mikono."

Akamwambia aende. Mke wa mzee alimsindikiza hadi getini. Bi Randa alidhani anakuja kumfariji. Mama alimwambia tu kwamba kwa miezi sita mume wake amekuwa akimwomba amkatie mkate, kwa sababu haamini kisu kitakwenda sawa mkononi mwake. Akafunga geti.

Siku ya wageni Bi Randa alifika mapema ukumbini, mumewe akiwa nyuma yake. Kamati ilikuwa inapanga viti. Aliomba wakae, akasema mbele yao yote. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimeleta misumari ya kutundikia bango. Nimeona mafundi wakigombana miaka mingi, wakirushiana hata nyundo, lakini si namna ile. Sauti zilikuja zote kwa pamoja. Fundi wa mwisho barabarani, mmoja wa wale tuliowahi kuwaita wezi, alisema samaki mmoja akioza wote wameoza, na sasa nani atawaamini. Meneja wa benki, ambaye si mtu mbaya, alishauri jambo lishughulikiwe kimyakimya na wageni wasisikie. Alisema tukilisema leo, Mwafaka umekufa.

Mshonaji wa sare alikuwa bado ameshika pembe ya bango.

"Tukilificha ndio utakuwa umekufa," akasema. "Tutakuwa tumeshona nje tu, ndani kumeachia. Mimi nguo ya hivyo nairudisha."

Mwanasheria wa taasisi alimwuliza Bi Randa swali moja: atayaandika aliyoyasema, akijua kwamba aliyetoa ana kosa kama aliyepokea? Akasema ataandika. Akauliza tena, safari hii polepole, kama ameelewa kwamba huenda akashtakiwa. Akasema ameelewa. Kisha mwanasheria akageuka, akauliza vanishi ya kazi ile ilinunuliwa wapi. Nikasimama. Nilisema ni kwangu, na nilisema pia kwamba nilishuku na nikanyamaza. Hakuna aliyenigombeza. Ningependa wangenigombeza.

Wageni wakaingia, wakakaa, wakaambiwa yote jinsi yalivyo. Baadhi yao waliandika. Mmoja aliondoka katikati, akisema amepoteza nauli.

Mambo hayakwenda haraka, lakini yalikwenda. Mkurugenzi alimsimamisha kazi ofisa ununuzi. Mchana mweupe wapelelezi walitoa meza nyumbani kwake, na viti vinane kimoja kimoja, wakavipakia kama vielelezo vya kesi huku majirani wakihesabu. Ofisa alipatikana na hatia. Shemeji alitoa ushahidi, akapoteza kazi. Hadi leo hasemi na kaka yake, na mama mkwe wa Bi Randa hamkaribishi nyumbani. Bi Randa, kwa sababu alijisema mwenyewe, mahakama ilimtoza faini tu, na halmashauri ikamfungia zabuni miaka mitano. Mafundi waliokuwa kumi wakabaki wawili. Aliowapunguza aliwatafutia nafasi karakana nyingine, akipita mlango kwa mlango, na kwenye milango mingine alisimamishwa nje akasubiri.

Mwafaka haukufa. Ulikaa kama mgonjwa kwa miezi kadhaa, vikao vikija na watu sita, watano. Kisha wakarekebisha vipengele. Sampuli sasa hupimwa ukumbini, mbele ya watu, fundi akishika futi na mzazi akisoma namba kwa sauti. Wauzaji wa vifaa nao wakaingizwa. Saini yangu ni ya mwisho kwenye ukurasa. Na siku ya kupima kwa mara ya kwanza, kamati ilimfuata Mzee Milimita nyumbani ashike futi. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu mshonaji alimwambia macho yatakuwa ya wazazi, yeye aje na mikono tu. Akaja. Dawati la kwanza na la pili alipima mara tatu tatu. Kwenye la tano alikuwa ameshaanza kumfokea mtu kuhusu ncha ya msumari. Karakana tatu zilimwazima mashine, akafungua tena mlango wake, kwa kazi ndogo ndogo.

Bi Randa anamwona kila siku. Asubuhi mzee akipita humsalimu, habari za kazi, naye hujibu nzuri, Mwalimu. Mzee huendelea na njia yake. Neno mwanangu halijarudi. Niliwahi kumwuliza Bi Randa kama tangu aseme amepata nafuu. Alifikiri kwanza. Akasema alidhani ukishautoa mzigo unakuwa mwepesi. Kumbe wake umebaki na uzito uleule, ila sasa anaubeba watu wakiuona.

Mwaka wa tatu, wale wakandarasi wa mabomba walianzisha mwafaka wao. Walimwalika Mzee Milimita akawaeleze. Aliwajibu kwa ufupi, kama kawaida yake, kwamba yeye atawaeleza habari za vipimo. Kama wanataka mtu wa kuwaeleza jinsi mwafaka unavyovunjika, yupo, karakana ya tatu mkono wa kulia. Wamwite na yeye. Bi Randa aliposikia alikaa chini juu ya rundo la mbao.

Alikwenda, na mimi nilifuatana naye. Mzee alisafiri na gari la mbele na mkewe, sisi tulikuwa la nyuma. Ukumbini mzee alisema yake, akatoka nje kupunga upepo kabla Bi Randa hajaanza. Naye alisema yote bila karatasi: meza, viti, futi, mia nne na ishirini. Hakujitetea kwa wale mafundi wanane, ingawa angeweza.

Alipomaliza, mkandarasi mmoja kijana akanyoosha mkono, akauliza kama yule mzee amemsamehe.

"Sijamuuliza," akasema Bi Randa.

Kisha akauliza kama kuna swali jingine. Lilikuwepo. Mama mmoja alitaka kujua ufunguo wa stoo ya sampuli huwa unakaa na nani, na Bi Randa akavuta kiti mbele, akakaa, akaanza kumweleza.